Mgeni Akisema “Thingamajig”: Mwongozo Kamili wa Kulielewa, Kulijibu na Kulitumia

Mgeni yuko barazani Shela, kijiji cha Lamu, simu yake imekwisha chaji, anamuuliza mhudumu: “Do you have the thingamajig for the plug?” Majibu mawili ndiyo husikika zaidi. La kwanza ni “Sorry, we don't have.” La pili ni “Yes, yes,” kisha mhudumu hupotea robo saa na kurudi na ekstensheni ambayo haikuombwa.

Majibu yote mawili yana mzizi mmoja. Mhudumu amedhani thingamajig ni jina la kifaa fulani ambacho hajapata kukiona. Akiingia kamusini hutoka na “kitu” au “kidude”, na hapo hajasogea hata hatua moja, kwa sababu bado hajui ni kidude kipi.

Thingamajig ni neno la kuziba pengo. Msemaji anakiona kitu akilini, jina lake limemtoka au hakulijua tangu mwanzo, basi anaweka neno hili mahali pa jina ili mazungumzo yasisimame. Kiswahili kina maneno ya kazi hiyohiyo: nanihii, kidude, dude. Ukisema jikoni “nipa ile nanihii ya kuchujia tui,” hakuna anayefungua kamusi. Mtu huinua macho ukutani kilipoangikwa kifumbu, akakushushia. Mgeni naye anataka umfanyie hivyohivyo. Usitafute maana, tafuta kitu.

Mwongozo huu ni wa manahodha, waongoza watalii, wahudumu wa nyumba za wageni, wapishi na wenye maduka, Lamu na Malindi. Kiingereza cha kawaida unacho tayari. Linalokukwamisha ni neno hili moja na jamaa zake.

## Utakavyohitaji

- Vitu 12 vya karibu nawe: 4 vya jikoni, 4 vya chomboni au vya kazi yako, 4 vya nyumbani. Chagua vile ambavyo jina lake la Kiswahili unalijua vizuri lakini la Kiingereza linakutatiza.
- Daftari na penseli.
- Simu yenye kurekodi sauti.
- Mwenzako mmoja wa kufanya naye mazoezi. Asiwe mtu wa kukubali kila unachosema.
- Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza, kwa ajili ya majina ya vile vitu 12 tu. Thingamajig lenyewe usilitafute humo.
- Dakika 20 kwa siku, kwa siku 7.

Usianze na vitu vikubwa kama nyumba au punda. Neno hili hukaa vizuri kwenye kitu cha kushikika, mara nyingi kidogo, chenye kazi maalumu: kifaa, kipande cha mashine, kifungo, ndoano, kifuniko.

## Hatua ya 1: Jua neno limebeba nini

Andika juu ya ukurasa wa kwanza mambo manne ambayo mgeni anakwambia kwa pamoja anapolitamka.

Jambo la kwanza: jina la kitu hiki sinalo. La pili: ni kitu cha kushikika, na kina kazi. La tatu: nadhani wewe unakijua. La nne: tunaongea kirafiki, hatuko ofisini.

Hilo la tatu ndilo linalosahaulika, na ndilo zito. Anayesema thingamajig anakuamini kwamba utaelewa. Ukimjibu “hatuna” kabla hujajua anataka nini, umemfungia mlango aliokuwa anausukuma kwa matumaini.

Neno hili si tusi, wala si dalili kwamba mgeni amekunywa au anakufanyia mzaha. Si la vijana peke yao pia, kwa maana lina umri wa zaidi ya karne moja, na babu wa Kiingereza hulisema sawa na mjukuu wake. Lina mchezo ndani yake, kama vile “kidude” kinavyochekesha kidogo kikitoka mdomoni mwa mtu mzima.

Haliendi vizuri kwenye maji, chai, mahali, siku wala hisia. Mtu hasemi amekunywa thingamajig. Kwa hiyo ukilisikia, ondoa kichwani vyote visivyoshikika, na nusu ya kazi itakuwa imekwisha.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza mwenzako mambo hayo manne bila kutazama daftari, na kumpa mfano mmoja wa Kiswahili kwa kila moja.

## Hatua ya 2: Litamke hadi lisikike

Wengi wanaolielewa bado hawawezi kulisema, kwa sababu wanaliwekea mkazo wa Kiswahili.

Anza na herufi. Th ni ile ya thamani na thelathini, ulimi ukigusa meno ya juu kama kwenye herufi thaa ya madrasa. Mtu wa pwani hana shida hapa. Ng ni ile ya ng'ombe, si ile ya ngoma. Halafu a, halafu ma, kisha jig, inayomalizika kwa g kavu.

Sasa mkazo. Kiswahili huweka uzito kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ba-HA-ri, ma-SHU-a. Thingamajig huwekewa uzito mwanzoni kabisa: THING'-a-ma-jig. Ukisema thing'a-MA-jig, mgeni atasikia neno jingine na atakuomba urudie. Silabi mbili za kati, a na ma, zipite haraka na kwa ulegevu, kama zinataka kumezwa.

Jirekodi mara 10. Kosa la kwanza utakalolisikia ni i ya ziada mwishoni, thing'amajigi. Ikate. Kosa la pili ni kuzipa silabi zote nne uzito sawa, kama anayehesabu.

Tahajia hubadilikabadilika: thingamajig, thingumajig, na Waingereza wengine husema thingummyjig. Hakuna haja ya kugombania herufi. Ya kwanza ndiyo iliyozoeleka zaidi, ishike hiyo. Ukitaka wingi, ongeza s: thingamajigs.

Utajua umefaulu rekodi ikichezwa na silabi ya kwanza ikisikika juu ya zote, na neno zima likapita kwa pumzi moja bila kusita.

## Hatua ya 3: Sikiliza majirani wa neno

Hapa ndipo penye utajiri, na hapa ndipo pa kukaa siku mbili nzima. Thingamajig peke yake halikwambii kitu. Maneno yaliyokaa kulia na kushoto kwake hukwambia karibu kila kitu.

Tazama kwanza neno dogo lililotangulia. Akisema *the thingamajig*, anaamini mnakijua nyote wawili. Labda mmekwisha kukizungumzia, au ni cha kawaida mahali hapo. Rudi nyuma kwenye mazungumzo, utakikuta. Akisema *that thingamajig*, kiko machoni au kilikuwapo jana. Fuata macho yake na kidole chake. Akisema *this thingamajig*, amekishika au kiko miguuni pake. Akisema *a thingamajig*, anakiulizia kwa mara ya kwanza na huenda huna, kwa hiyo jiandae kuuliza.

Kisha sikiliza kilichofuata. *For* hukupa kazi ya kitu: “the thingamajig for opening bottles” ni kifungulia chupa, opena. *On* na *in* hukupa mahali: “the thingamajig on top of the mast” ni kitu kilicho kwenye kilele cha mlingoti, na mara nyingi ni kapi inayopitishia kamba ya kupandishia foromali, ule mti unaofungiwa tanga. *That* ikifuatwa na kitendo hukupa mwendo: “the thingamajig that holds the mosquito coil” ni kile kichuma chembamba cha kusimamishia dawa ya mbu. Kitu hicho hata kwa Kiswahili watu wengi hukiita “kile kichuma” tu.

Mwisho sikiliza sifa iliyoingia katikati: *round*, *little*, *wooden*, *metal*. “That little wooden thingamajig” tayari imekuondolea chuma chote na vyote vikubwa.

Zoezi lake ni hili. Mwenzako achague kitu kimoja kati ya vile 12, aseme sentensi yenye thingamajig na jirani mmoja tu. Wewe taja vitu vinavyoweza kuwa. Aongeze jirani wa pili, wewe ufute. Aongeze wa tatu. Kwa kawaida majirani watatu wanatosha kukufikisha kwenye kitu kimoja. Ukifika watatu na bado una vitu vinne mkononi, basi kuna neno dogo ulilolipuuza, na aghalabu ni *on* au *in*.

Tahadhari: usikatize. Wenye kukosea hapa huwa wamelisikia thingamajig, wakashtuka, na hawakusikia tena kilichofuata. Neno lenyewe likitamkwa, liache lipite, kaza sikio kwa yanayolifuata.

## Hatua ya 4: Uliza maswali matatu, kwa mpangilio

Majirani wasipotosha, uliza. Mpangilio una maana yake.

Swali la kwanza ni la kazi: “What is it for?” Anza na hili kwa sababu mtu aliyesahau jina la kitu ni nadra kusahau kazi yake.

Swali la pili ni la mahali: “Where did you see it?” Jibu lake mara nyingi huishia kwa mgeni kusimama na kukupeleka, na hapo kazi imekwisha.

Swali la tatu ni la umbo: “What does it look like?” Hili liwe la mwisho. Kueleza umbo kunahitaji maneno mengi, na wewe nawe utahitaji kuyaelewa yote. Ukilazimika kuliuliza, mpe penseli na daftari. Mchoro mbaya ni bora kuliko maelezo mazuri.

Usiulize “What is thingamajig?” Swali hilo linamuuliza maana ya neno, na yeye hana la kukujibu zaidi ya kucheka. Usiulize pia “Which one?” peke yake, kwa sababu angekuwa anaweza kukitaja angekitaja.

Turudi kwa yule mgeni wa Shela. Soketi za Kenya ni za matundu matatu ya pembe nne, sawa na za Uingereza, na umeme ni volti 240. Mgeni aliyetoka Uingereza plagi yake inaingia moja kwa moja. Aliyetoka Marekani au Italia haiingii. Kwa hiyo “the thingamajig for the plug” ina uwezekano wa kuwa vitu viwili: adapta ya kubadilisha umbo la plagi, au swichi ndogo iliyo kwenye soketi ambayo hajui kwamba lazima ibonyezwe kwanza. Uliza: “Is it to change the shape of the plug?” Akisema ndiyo, ni adapta. Akisema plagi imeingia lakini chaji haipiti, nenda ukabonyeze swichi. Hakuna haja ya ekstensheni.

Mwenye nyumba ya wageni anayetaka kukata shida hii aweke adapta mbili kwenye droo moja inayojulikana na kila mhudumu, moja ya plagi za Marekani na moja ya za Ulaya.

Utajua umefaulu ukipata kitu kwa maswali mawili au pungufu, katika majaribio 8 kati ya 10.

## Hatua ya 5: Mrudishie jina

Ukikipata kitu, usikikabidhi kimyakimya. Kitaje. Aliyesema thingamajig amekiri kwamba jina hana, na hakuna wakati mzuri zaidi wa kumpa. Mpe la Kiingereza kwanza ili atulie, kisha la Kiswahili ili aondoke nalo.

Chukua mbuzi. Mgeni amesimama mlangoni mwa jiko, anaona kibao kinachokunjwa, na mbele yake kimechomoza chuma kama ulimi, ncha yake imezungushiwa meno. “What is this thingamajig?” Ukijibu “goat” na kunyamaza, umemwongezea giza. Sema: “It is a coconut grater. You sit here, and you turn the half coconut on the teeth. In Swahili we call it mbuzi. The same word means goat.” Kalia kibao, zungusha kifuu mara mbili tatu, nazi iliyokunwa ianguke kwenye sahani. Sentensi nne na mkono mmoja, na mgeni huyo hatalisahau.

Ili uweze kufanya hivyo bila kubabaika, yaandae majina mapema. Haya ndiyo yanayoulizwa sana, na baadhi yana mtego.

Jikoni: kifumbu ni “coconut strainer”, upawa ni “ladle”, ongeza “made from a coconut shell”, kinu na mchi ni “mortar and pestle”. Kawa, kile kifuniko cha ukili chenye ncha kama pia iliyogeuzwa, wageni hukiita “that hat thingamajig”. Mjibu “It is a food cover”, kisha “kawa”. Akiitamka kama kahawa, mrekebishe palepale kwa upole, la sivyo keshoye ataomba kawa aletewe kikombe.

Chomboni: tanga ni “sail”, mlingoti ni “mast”, foromali ni “yard”, usukani ni “rudder”, kana ya kushikia usukani ni “tiller”, nanga ni “anchor”, kapi ni “pulley”, upo wa kutolea maji chomboni ni “bailer”. Mtego uko kwenye demani, kamba ya kuongozea tanga. Mabaharia wa Kiingereza huiita “sheet”, na neno hilohilo kwa mtu wa nchi kavu ni shuka la kitanda. Kwa mgeni asiye baharia sema “the rope that controls the sail”, utakuwa salama. Yard nayo kwa wengi ni ua wa nyumba au kipimo cha urefu, kwa hiyo iguse kwa kidole unapoitaja.

Mlangoni: kizingiti ni “threshold”, komeo ni “bolt”. Mfaa, ule mti wa katikati uliochongwa ambao ubao mmoja wa mlango hufungia juu yake, ndio unaopigwa picha kuliko vyote Mji wa Kale, na ndio ambao karibu kila mgeni hukosa jina lake. Sema “the centre post of the door”. Zidaka za ukutani ni “wall niches”, na niche husomwa *nish* au *nich*, zote sawa.

Kwa punda: shogi ni “panniers”, lakini wageni wengi hawalijui hata neno hilo la Kiingereza. Sema “the bags the donkey carries”.

Kama jina la Kiingereza hulijui, usibuni. Eleza kazi yake kwa *it is for*, kisha mpe jina la Kiswahili kwa ukamilifu. Jina la Kiswahili lililo sahihi lina thamani kuliko la Kiingereza la kubahatisha, na wapo wageni ambao hilo ndilo walilolifuata.

Utajua umefaulu mgeni akikitaja kitu hichohicho kwa jina lake mara ya pili, bila kurudi kwenye thingamajig.

## Hatua ya 6: Litumie wewe mwenyewe

Sasa geuza upande. Nawe kuna siku jina la Kiingereza litakutoka mbele ya mgeni. Wengi hapo hunyamaza, au huhamia Kiswahili, au hurudia “thing, thing” hadi maneno yanakauka. Thingamajig itakuvusha, kwa sharti uijenge vizuri.

Muundo wake ni huu: neno dogo, thingamajig, kisha jirani mmoja wa kazi au mahali.

“Please hold that thingamajig on the side of the boat.”

“I need the thingamajig for the lamp.”

“Careful with that little thingamajig by the door.”

Usiiache bila jirani. “Give me thingamajig” ina makosa mawili: neno dogo halipo mbele, na msikilizaji hana pa kushika. Tumia mkono pia. Kuonyesha kidole kwenye kitu si upungufu wa lugha. Waingereza wenyewe wakilisema neno hili mikono huwa haitulii.

Baada ya kulitumia, malizia kwa swali: “What do you call it in English?” Mgeni atakwambia, nawe uandike daftarini jioni hiyohiyo. Kwa njia hii neno la kuzibia pengo linageuka kuwa mwalimu wa majina halisi.

Mara moja au mbili katika mazungumzo inatosha. Kila kitu kikiwa thingamajig, mgeni ataanza kuona kwamba hujui kazi yako, hata kama unaijua kuliko wote ufukweni.

Chagua pia wa kumwambia. Linafaa kwa aliyekulia kwenye Kiingereza: Mwingereza, Mmarekani, Mkanada, Mwaustralia. Malindi wageni wengi ni Wataliano, na Mtaliano anayeongea Kiingereza cha kujifunza atashangaa vilevile ulivyoshangaa wewe. Kwao kuna *coso*. Ukisikia “quel coso lì”, ni “kile kidude pale”, na kazi ni ileile: fuata kidole, kipate kitu, kitaje jina. Kwa Kiingereza mwambie “that thing” tu.

## Hatua ya 7: Watambue jamaa zake

Hupati thingamajig peke yake. Haya yote hubeba maana ileile, na maswali matatu ya hatua ya 4 yanatosha kwa kila moja.

*Thingy* ndilo fupi na ndilo linalosikika zaidi, hasa kwa Waingereza. *Thingamabob* ni ndugu pacha, halina tofauti ya maana. *Whatsit* na *whatchamacallit* yametokana na maswali, “ni nini” na “unakiitaje”, ndiyo maana hili la pili husikika kama sentensi nzima iliyobanwa. *Doodah* ni la Uingereza. *Doodad* na *doohickey* ni ya Marekani. *Gizmo* hutumika zaidi kwa kifaa cha umeme au chenye ufundi ndani yake.

Usijifunze kuyasema yote. Yatambue tu, na kwa kusema baki na thingamajig au thingy.

Kwa mtu mambo hubadilika. Jina la mtu likisahaulika husema *what's-his-name* kwa mwanamume na *what's-her-name* kwa mwanamke, kama tunavyosema “fulani” au “yule nani”. Mgeni akikuuliza habari za Captain what's-his-name, uliza siku waliyosafiri na jina la chombo.

## Mahali pa kuliacha kabisa

Baharini kukiwa na upepo. Wakati wa kugeuza tanga au kukaribia gati, hakuna thingamajig. Sema “rope”, “sail”, “sit down”, “heads down”. Mgeni akisita sekunde mbili kufikiri unamaanisha nini, foromali haimsubiri. Kabla ya kuondoka gatini, waonyeshe wageni vitu vitatu na majina yake: “life jacket”, “rope”, “this side and that side”. Na mgeni akilisema yeye katikati ya msukosuko, usianze maswali matatu. Mwambie “Show me”, na macho yako yafuate mkono wake.

Dawa na afya. Mgeni akisema anahitaji “the thingamajig for my asthma”, usimletee chochote kwa kukisia. Mwombe akuonyeshe kifaa chenyewe, boksi au picha yake, na umfikishe kwa mwenye taaluma ya dawa. Kama anahema kwa shida, hayo ya majina yasikucheleweshe: mpeleke hospitali.

Bei na maandishi. Kwenye risiti, makubaliano ya safari, barua pepe ya kuthibitisha chumba au insha ya mtihani, andika jina halisi. Ukiandika “trip to Manda and the thingamajig”, mgeni anaweza kudai kesho kwamba chakula cha mchana nacho kilikuwamo.

Mwili. Usiseme kamwe “your thingamajig” au “your thingy” huku mkono ukielekea mwilini mwa mtu. Kama nanihii ya kwetu, maneno haya hutumika kusitiri yasiyotajwa, na sentensi isiyo na kosa kichwani mwako inaweza kumfika mgeni kama matusi. Kwa mkufu sema “necklace”, kwa mkanda “belt”. Jina ukilikosa, elekeza macho tu na useme “it is very nice”.

Watu. Usimwite mtu *Mr Thingamajig*, awe mgeni au mwenzako. Jina likikutoka, liulize tena: “Sorry, please tell me your name again.” Kuuliza mara ya pili hakumvunjii mtu heshima, kumpa jina la kidude kunamvunjia.

## Jaribio la siku ya 7

Panga vile vitu 12 mezani pamoja na vingine 8 usivyovifanyia mazoezi. Mwenzako akae upande wa pili na orodha yake, aseme sentensi 10 zenye thingamajig au jamaa zake, akichanganya vya zamani na vipya. Kwa kila sentensi fanya mambo matatu: kipate kitu, mkabidhi, kitaje kwa Kiingereza na Kiswahili.

Jipe alama moja kwa kila jambo, jumla 30. Ukipata 24 kwenda juu, uko tayari kwa wageni. Ukipungukiwa, angalia alama zimepotea wapi. Zikipotea kwenye kupata kitu, rudi hatua ya 3. Zikipotea kwenye majina, hatua ya 5, na uongeze majina 3 kila jioni. Ukikuta umefika mwisho bila kuuliza swali hata moja na nusu ya vitu umekosea, unabahatisha: rudia jaribio zima, na safari hii mwenzako asikukabidhi sentensi nyingine kabla hujauliza “What is it for?”